Nusu Milimita ya Wino

Kalamu ambayo Nashon Okinyi alichorea mpaka ilikuwa na ncha ya nusu milimita. Ukitaka kujua nusu milimita ni nini, tazama ukingo wa ukucha wako. Hakuna mtu anayeweza kuishi ndani ya kitu chembamba kiasi hicho. Lakini kwenye ramani aliyoichora, kila milimita ilikuwa mita hamsini za ardhi, kwa hiyo mstari wake ulifunika mita ishirini na tano. Ndani ya mita ishirini na tano inatosha nyumba ya vyumba viwili, kaburi, banda la mbuzi, na nafasi ya mama kizee ya kulala siku yake ikifika. Nashon alilijua hilo tangu akiwa kijana wa miaka ishirini na sita. Alilijua, na akachora.

Usimwone mtu mbaya. Ningetaka awe mbaya, ingekuwa rahisi kumsimulia. Ni mzee mpole wa mtaa wa Riruta hapa mjini, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja, anayewasalimia mafundi wote wa Naivasha Road kwa majina, na anayegombana na mkewe Nanjala juu ya kitu kimoja tu, chumvi. Kosa lake lilikuwa kupenda kazi safi.

Alizaliwa kando ya ziwa, upande wa Migori, mahali ambapo mstari wa digrii moja kusini ya ikweta unatoka majini na kukanyaga nchi kavu. Mstari huo ulikubaliwa Berlin mwaka wa 1890, Waingereza na Wajerumani walipokuwa wakigawana nchi za wenyewe. Walihitaji kitu cha kugawia, na ziwa halina ukuta. Digrii moja ilikuwa kwenye karatasi tayari, imenyooka, haina mwenyewe wala haibishani na mtu. Wakaipitisha. Baadaye wakaja wenzao na vyombo vyao, wakakesha wakipima nyota, wakasimika nguzo chache zilizoachana mbali, wakaenda zao. Wajaluo waliokuwa wamelala wakaamka wana wajomba nchi ya pili.

Nguzo na nguzo hazikuonana. Katikati yake hapakuwa na kitu ila mazoea. Watu walijua tu kwamba mpaka uko huko chini, penye mawe meupe, na hapo mbuzi wa nchi mbili walichanganyika bila kuulizwa. Baba yake Nashon alijenga juu kidogo ya mawe hayo. Alilipa kodi Kenya, akapiga kura Kenya, na mlango wa nyumba yake ulitazama ziwa. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba amejenga pabaya.

Mwaka wa 1986 Nashon alikuwa mchoraji ramani katika ofisi ya serikali hapa mjini, na bahati, au sijui niite nini, ikamletea mezani karatasi ya kwao. Kazi yenyewe ilifanywa kwa wino juu ya plastiki nyembamba inayopitisha mwanga. Nyumba ya mtu ilikuwa kijisanduku cheusi. Mpaka wa nchi ulikuwa mstari wa nusu milimita. Na viwili hivyo vikigongana, sheria ya kazi ilikuwa moja. Mpaka hausogei, nyumba ndiyo inayotolewa. Msimamizi wao alikuwa akisema kwamba kusogeza nyumba ni uongo, kuiacha nje ya ramani ni usafi.

Nashon alikitazama kijisanduku cha nyumba ya mama yake kwenye picha iliyopigwa kutoka kwenye ndege. Kilikuwa kimekaa pale pale ambapo mstari ungepita. Angeweza kuuliza. Angeweza kusimama aseme, bwana, hapa ni kwetu, na mstari hauko hapa, uko chini penye mawe. Lakini karatasi ilikuwa imetoka safi ajabu, haina hata doa, na msimamizi alikwishapita mara mbili akitikisa kichwa kwa kuridhika. Nashon akaitoa nyumba. Akavuta mstari kwa mkupuo mmoja, pumzi imeshikwa, bila mkono kutetemeka.

Karatasi hiyo ilichaguliwa kwenda kwenye maonyesho ya kila mwaka katika uwanja wa Jamhuri. Ikatundikwa katika hema la ofisi yao, chini yake jina lake kwa herufi kubwa, na mama yake Peres akasafiri kutoka ziwani na kuku wawili kuja kuiona. Hakujua kusoma. Alisimama mbele ya ramani amevaa gauni la kanisani, akauliza, "Nyumba yetu iko wapi?"

Nashon akaweka kidole juu ya mstari. "Hapa, Mama. Iko chini ya huu mstari."

Peres akacheka kwa furaha mpaka watu wakageuka. Nashon naye akacheka. Lo, mtu anaweza kucheka siku yake mbaya kuliko zote na asijue.

Baba alifariki mwaka wa 1994, akazikwa kama wanavyozikwa wanaume wa kwao. Ukisimama mlangoni ukitazama nje, mume yuko kulia kwa nyumba ya mkewe, na mke atakuja kulala kushoto. Huko kushoto, upande wa kusini, Peres akapanga mawe manne, moja kila pembe, na kuanzia hapo akawa anapalilia kaburi lake mwenyewe kama mtu anayepalilia kitalu cha mboga za sukuma. Wageni walishtuka. Yeye alisema amelala kwenye vitanda vya kuazima maisha yake yote, na hiki ndicho kitanda alichokichagua mwenyewe.

Miguu ilipoanza kuvimba na macho kuingia ukungu, Nashon akamleta Riruta. Hiyo ni miaka minne sasa. Alikubali kuja kwa sharti moja tu, na alilisema mbele ya Nanjala na mbele ya mchungaji ili pawe na mashahidi. "Nikifa, msinitupe katika makaburi ya hapa mjini pamoja na watu nisiowajua. Nipelekwe mahali pangu." Kila Jumapili baada ya kanisa Nashon alimpigia simu Fidel, mtoto wa baba mdogo aliyebaki akiangalia boma, akamwekea mama simu sikioni. Swali lilikuwa lile lile. Mahali pangu pakoje? Na Fidel alijibu lile lile, kwamba pako sawa, nyasi zimefyekwa.

Nashon alikuwa amestaafu, lakini mwaka jana ofisi moja ya watu binafsi katikati ya mji, ghorofa ya nne, ikamwita. Nchi mbili zilikuwa zimeamua kuujaza mpaka nguzo za kati, ili ukisimama penye moja uione ya pili. Ramani za zamani zilibidi ziingizwe kwenye kompyuta, na vijana walihitaji mzee wa kuwasomea alama. Asubuhi alitembea mpaka Dagoretti Corner, akapanda gari la mjini, na jioni akarudi na mkate. Alifurahi. Mstaafu akiitwa tena kazini hujiona kijana, na kiburi humrudia kidogo.

Mezani kwake alikaa msichana mmoja hodari, Quincy, aliyemaliza chuo juzi. Siku moja saa ya chakula Quincy akageuza kiti.

"Mzee Nashon, hii laini yako ni nono sana," alisema. "Nikiivuta hapa kwa kompyuta inakuwa kama barabara. Sasa hizo pointi za nguzo niweke wapi? Juu, chini, ama katikati?"

Nashon alikuwa akimenya yai la kuchemsha. Hakuinua hata kichwa.

"Katikati," alisema. "Siku zote ni katikati. Kwani huko chuo mnafundishwa nini?"

Quincy akacheka, akageuka, akabonyeza. Yai lilikuwa halijaisha kumenywa.

Hakuuliza ni karatasi ipi. Hilo ndilo linalonikera katika habari hii yote. Mtu aliyeijua ile karatasi kama kiganja chake, aliyeitoa nyumba ya mama yake kwa mkono wake, alipoulizwa mara ya pili hakugeuza hata shingo. Kama angesema ukingo wa chini, nguzo ingeshuka mita kumi na mbili na nusu na kukaa penye mawe meupe, mahali ambapo kila mtu wa kule alijua ndipo mpaka ulipo.

Miezi mitano baadaye Fidel akapiga simu siku ambayo si Jumapili.

"Omera, wamekuja," alisema. Kwa Kijaluo hilo ni neno la kumwita ndugu. "Wako na gari mbili, moja ya huku na moja ya kule. Wamechimba shimo, wamemwaga simiti. Nguzo imesimama."

"Imesimama wapi?"

"Kwa kitanda cha mama. Katikati ya yale mawe manne. Nimewapigia kelele, wakanionyesha kwa ramani. Wanasema kwa ramani hapa hakuna nyumba."

Nashon alikuwa amesimama nje ya duka la dawa, Dagoretti Corner, mkononi ana vidonge vya mama. Alikaa chini kwenye ngazi ya duka la watu, mwenye duka akafikiri ni mlevi, akamfukuza.

Hakumwambia mama. Jumapili akampigia Fidel mapema, akampanga, na Fidel akasema pako sawa, nyasi zimefyekwa. Wakaendelea hivyo wiki sita. Lakini Fidel si mtu wa uongo, hana mazoezi, na Jumapili ya saba mama alipouliza swali lake Fidel akaanza kulia kama mtoto, akamweleza habari yote ya nguzo. Peres akasikiliza mpaka mwisho. Akarudisha simu kwa kupapasa.

"Okinyi," alisema, maana hilo ndilo jina alilomwita tangu kuzaliwa. "Nani ameweka nguzo mahali pangu?"

"Serikali, Mama. Serikali mbili."

"Serikali haina vidole. Nani aliwaonyesha hapo?"

Nanjala alikuwa anapanga vikombe. Akasimama. Nashon akamtazama mkewe, akaitazama sakafu, kisha akapiga moyo konde.

"Ni mimi."

Mzee wa miaka sitini na tano akaeleza yote, mbele ya mama yake, kama mtoto aliyevunja mtungi. Kijisanduku. Wino. Yai. Peres hakumkatiza. Alipomaliza, mama akauliza kwa sauti ndogo, "Ni mstari ule ule wa Jamhuri?"

"Ule ule."

"Uliniambia nyumba iko chini yake."

"Ndiyo, Mama."

"Nikafikiri umeifunika isinyeshewe," alisema Peres. "Ndiyo maana nilicheka."

Nashon alitamani mama amtukane. Angemtukana, angepumua. Lakini Peres alikuwa anafikiri, vidole vikikunja na kukunjua pindo la shuka.

"Basi futa," alisema mwishowe. "Zamani si ulikuwa unafuta kwa wembe? Ulikuwa unakuja nyumbani vidole vimechanjwachanjwa. Nenda ukafute. Ukimaliza uniambie."

Jumatatu Nashon alikuwa wa kwanza kufika ghorofa ya nne. Quincy alipoelewa jambo lenyewe alishika tama, machozi yakamlengalenga.

"Mzee, si ungeniambia hiyo siku? Mimi naweza kusogeza saa hii, ni kubonyeza tu. Lakini hiyo faili si yetu tena."

Mkubwa wa ofisi alimkaribisha kwa chai na kumsikiliza vizuri, ambalo ni jambo baya, kwa sababu mtu anayekusikiliza vizuri kuanzia mwanzo mara nyingi ameshaamua. Alisema orodha ya nguzo imetiwa sahihi na pande zote mbili. Alisema nguzo ikishamwagwa simiti, yenyewe ndiyo mpaka, hata kama digrii iko mahali pengine na ukweli uko mahali pengine. Akasema pole mara tatu. Nashon akaenda kwenye ofisi nyingine mbili za serikali, akapanda ngazi, akaandika barua kwa mwandiko wake ulionyooka kama wa kuchapa, na kila mlango ulimtuma kwa mlango mwingine. Jioni, kule Riruta, mama aliuliza, "Umefuta?" Akajibu, "Bado, Mama." Kesho yake, "Umefuta?" "Bado." Wiki tatu. Uvimbe ukapanda kutoka miguuni mpaka kiunoni, na daktari akaacha kumwambia habari za kupona.

Juu ya kabati ya Nashon kulikuwa na bomba refu la kadibodi. Ndani yake mna nakala ya ile karatasi, ya plastiki, iliyoharibika kona moja zamani zile wakamwachia iwe kumbukumbu. Alhamisi mchana, Nanjala akiwa sokoni, aliitandaza mezani, akavunja wembe mpya katikati, akainama. Wino wa plastiki haufutiki kwa kifutio. Unaukwangua polepole, wembe umelala, ukipuliza vumbi jeusi, na ukikosea unatoboa. Mkono wake siku hizi unatetemeka. Ilimchukua saa mbili kuondoa urefu wa kidole gumba. Alipomaliza, mstari ulitoka ziwani, ukafika karibu na kwao, ukakatika. Pale katikati hapakuwa na kitu. Akachukua kalamu, akachora kijisanduku kidogo cheusi mahali pake, kikatoka kimepinda.

Alifanya hivyo ili asiwe mwongo kabisa. Sijui kama inahesabika.

Akaipeleka kitandani. "Mama, nimefuta."

"Nishike mkono, uuweke hapo."

Akaushika mkono wa mama, akauweka. Kidole cha Peres kikateleza juu ya plastiki laini, kikafika mahali palipokwanguliwa, kikakwama. Macho yake hayakuwa yanaona kitu, lakini kidole kilijua. Akapapasa, akarudi, akapapasa tena.

"Hapa?"

"Hapo, Mama."

"Pana makwaruzo."

"Ni wembe."

"Umefanya vizuri," alisema Peres. Akavuta shuka mpaka kifuani. "Sasa hata ikiwa leo, ni sawa."

Haikuwa leo. Ilikuwa Jumamosi, asubuhi, Nanjala akimlisha uji. Alikwenda katikati ya kijiko, bila ugomvi wowote, uso umetulia kama wa mtu aliyefunga mlango wake vizuri.

Walimsafirisha. Boma lilijaa watu wa pande zote mbili za mpaka, kwa maana jamaa ni jamaa, na nguzo ilisimama kati yao, nyeupe, kimo cha kiuno, namba yake imepakwa rangi ambayo bado iling'aa. Mawe manne yalikuwa bado pale, moja kila pembe. Waliochimba shimo la nguzo hawakuona sababu ya kuyaondoa.

Chifu alikuja na karatasi. Alikuwa kijana wa pale pale, aliyekula samaki kwa Peres utotoni, na ilikuwa wazi hakulala. Alisoma kwamba hairuhusiwi kuchimba wala kujenga ndani ya mita kumi na tano kutoka kwenye nguzo. Nyumba ya zamani ikae mpaka ianguke yenyewe. Kaburi la zamani lisiguswe. Kaburi jipya, hapana. Ukishuka mita kumi na tano kusini ni nchi ya watu, na maiti haivuki bila vibali, na Peres hakuwa na boma huko. Kulikuwa kumebaki kaskazini.

Wazee wakapinga. Mke hazikwi kulia, walisema, huko ni kwa mwanamume, au kwa mwanamke ambaye hakuwahi kuwa na nyumba. Fidel alipiga ngumi ukutani mpaka akatoka damu. Lakini jua lilikuwa linapanda, jeneza liko chini ya turubai, na wachimbaji wameegemea majembe. Mwishowe mzee mmoja akasema tu, "Basi," akageuka asitazame.

Mama mmoja wa kanisani akamshika Nashon mkono. "Alikwenda kwa amani," alisema. "Nanjala ametuambia. Alijua kila kitu kimetengenezwa." Nashon akaitika kwa kichwa.

Chifu akatoa tepu ya kupimia mfukoni, ile ndefu ya mafundi, akaigeuzageuza mikononi hajui aanzie wapi. Akamsogelea.

"Nashon, pole," alisema chini chini. "Hapa mwenye kujua vipimo ni wewe. Nishikie hiyo ncha."

Nashon akaichukua. Akapiga magoti penye nguzo, magoti yote mawili ndani ya mawe manne, akaweka sifuri katikati ya simiti. Chifu akarudi kinyumenyume kuelekea kaskazini, na tepu ikajifungua nyuma yake, ikapita mbele ya mlango wa Peres, ikapita juu ya kaburi la mumewe, ikaenda mpaka penye banda la mbuzi.

"Umeshika katikati?" chifu aliuliza kwa sauti.

"Nimeshika."

"Vuta."

Nashon akavuta mpaka tepu ikakaza, pumzi imeshikwa, mkono hautetemeki, na safari hii hakukosea hata sentimita moja.